Kuendesha swicha ya ATEM Mini ukiwa mbali: kutoka meza ya nyuma ya ukumbi hadi mji mwingine

Kumbi nyingi za harusi zina tabia moja: jukwaa liko mbele, na meza anayopewa mtu wa video iko nyuma kabisa, jirani na mlango wa jikoni. Kamera tatu ziko kwa maharusi, wewe uko mita 40 nyuma. Waya wa kawaida wa HDMI ukivuka mita 10 hadi 15 huanza kusumbua, picha inameta au inapotea. Waya wa mtandao wa Cat6 unakwenda mita 100 bila kulalamika. Basi dawa ni kukiacha kisanduku kinachochanganya picha, yaani swicha, kule mbele, karibu na kamera, halafu wewe ukakiendesha kwa kompyuta kutoka popote ulipopangiwa kukaa.

Hapa nitatumia ATEM Mini ya Blackmagic Design, kampuni ya Australia iliyoitoa mwaka 2019, kwa sababu ndiyo niliyoizoea na ndiyo utakayoikuta kwa mafundi wengi. Ina matundu manne ya HDMI ya kuingizia kamera, moja la kutolea, tundu la USB-C ambalo kompyuta huliona kama kamera ya wavuti, na tundu la waya wa mtandao. Wengi hununua kisanduku hiki wakabonyeza vitufe vyake vya juu mwaka mzima bila kuligusa tundu la mtandao, na hapo ndipo ulipo utamu wote.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili, maana kila uamuzi utakaofuata unatoka humo: madoido yote ya picha yatengenezwe ndani ya kisanduku, na kwenye waya zipite amri tu. Kufuta pazia la kijani, kuweka dirisha dogo la kamera ya pili, kuleta bango la jina, yote hayo swicha inayafanya yenyewe. Kompyuta yako ni rimoti. Amri ni kitu kidogo mno, mtandao dhaifu unaibeba, na mtandao ukifa picha inaendelea kutoka.

Vitu vya kuwa navyo: swicha yenyewe, ruta ndogo ya kwako (si ya ukumbi), waya wa Cat6 wa kutosha, na kompyuta ya Windows au Mac yenye programu za ATEM, zinazopatikana bure kwenye tovuti ya kampuni. Utakapofika kwenye kuendesha kutoka mji mwingine utahitaji pia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kiganjani) au leptopu kuukuu yenye Linux.

Mtandao kwanza

Ruta yako ipe mtandao usiofanana na wa watu wengine. Ruta nyingi za nyumbani na za laini za simu hutumia anwani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.8. Ukiiga hizo, siku utakapojaribu kuunganisha nyumbani na ukumbini mitandao miwili itagongana na hutajua kwa nini. Mimi natumia 192.168.77, na mifano yote hapa chini itafuata hiyo.

1. Unganisha swicha na kompyuta kwa waya wa USB, fungua programu ya ATEM Setup, uchague kifaa chako. Ikikuambia fimwea (programu ya ndani ya kisanduku) ni ya zamani, sasisha sasa, nyumbani, umeme ukiwa wa uhakika. Fimwea na programu ya kuendeshea zinatakiwa ziwe za toleo moja, na asubuhi ya shughuli si wakati wa kuligundua hilo.

2. Hapo hapo kwenye ATEM Setup, ipe swicha anwani isiyobadilika: 192.168.77.240, barakoa ("Subnet Mask") 255.255.255.0, lango ("Gateway") 192.168.77.1. Usikubali ruta iigawie anwani yoyote inayotaka. Ruta ikizimika na kuwaka, anwani ya kugawiwa inaweza kubadilika, na utakuwa unapiga hodi nyumba ya zamani.

3. Chomoa USB. Chomeka waya wa mtandao kutoka swicha hadi ruta, na mwingine kutoka ruta hadi kompyuta yako. Andika kwenye dirisha la amri: ping 192.168.77.240. Likijibu chini ya milisekunde 1 au 2, mko vizuri. Lisipojibu, usifungue programu nyingine yoyote. Rudi kwenye nyaya na namba.

4. Fungua ATEM Software Control. Kwa kawaida itaigundua swicha yenyewe. Isipoigundua, itakuuliza anwani, nawe uiandike.

Ukibofya kamera ya pili kwenye kompyuta, kitufe cha 2 kwenye kisanduku kinawaka kule mbele bila kuguswa na mtu. Mara ya kwanza inafurahisha.

Sasa kuhusu Wi-Fi. Kuna harusi moja nilijitegemeza kwa Wi-Fi ya ukumbi, nikiona uvivu kutandaza waya chini ya mazulia. Mchana wakati wa majaribio ukumbi ulikuwa mtupu na kila kitu kilikwenda. Saa mbili usiku wageni wakajaa, kila mmoja na simu yake. Wakati huo nilikuwa nimeweka wapishi kwenye picha kubwa, wakiingia na mahotpoti kwa madaha, na maharusi kwenye dirisha dogo pembeni, kwa nia ya sekunde tano tu. Nikabonyeza kurudisha. Kimya. Nikabonyeza tena. Dakika nne nzima skrini ya ukumbi ilionyesha wali na kuku kwa ukubwa wa ukuta, na wenye harusi yao kama stempu. MC akanijia taratibu: "Fundi, leo tumemuoza mpishi?" Nilikimbia hadi mbele nikabonyeza kwa kidole.

Swicha haikukosea chochote usiku ule. Ilibaki na amri ya mwisho iliyoipokea, kama inavyopaswa. Kwa hiyo tumia waya. Na hata ukiwa na waya, awepo mtu mmoja mbele anayejua kitufe kipi ni kamera ya jumla. Vitufe vya kisanduku vinafanya kazi daima, kompyuta iwepo isiwepo.

Kiwango cha picha

Hili ni fupi lakini limewaumiza wengi. Swicha ikiachwa ijichagulie, hufuata kamera ya kwanza iliyochomekwa. Leo imechomekwa ya fremu 25 kwa sekunde, kesho ya fremu 50, na kila ulichokipanga kwa muda kitabadilika mwendo. Ingia kwenye mipangilio, uchague mwenyewe 1080p25 au 1080p50. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo kiwango cha 60 kina hatari ya kukuletea taa zinazopepesa.

Ukiwa humo humo, badilisha namna ya kubadili kamera iwe "Program/Preview". Kwa namna hiyo unachagua kamera kwanza, unahakikisha, ndipo unairusha hewani. Anayekaa mbali hana anasa ya kubonyeza akaona papo hapo.

Madoido matatu, yakipangwa kutoka mbali

Upande wa kulia wa programu kuna safu ya vipengele. Fungua "Upstream Key 1", ngazi ya kuwekea picha moja juu ya nyingine. Ndani yake kuna namna kadhaa, na mbili ndizo utakazozitumia zaidi: "Chroma" ya kufuta pazia la kijani, na "DVE" ya dirisha dogo. Angalia vizuri: kwenye ATEM Mini na Mini Pro ngazi hii ni moja tu. Ikishikwa na pazia la kijani, dirisha dogo halina pa kukaa. ATEM Mini Extreme inazo nne. Nimewaona watu wakiahidi vyote viwili kwa mteja wakiwa na kisanduku kidogo, kisha wakaanza kutafuta mchawi.

Kwa pazia la kijani, chagua kamera ya mtangazaji kama chanzo, kisha bofya "Chroma Sample". Kiboksi kidogo kitatokea kwenye picha. Kisogeze juu ya kijani kilichopo karibu na mabega ya mtu, si kwenye kona ya pazia ambako mwanga umekufa. Baada ya hapo cheza na "Foreground" hadi mwili wake ujae bila matobo, halafu "Background" hadi vumbi la nyuma lisafike, mwisho "Key Edge" kwa ajili ya kingo za nywele. Fuata mpangilio huo. Ukianza na kingo utazunguka nusu saa. Shavu likibaki na ukijani, pandisha kidogo "Spill". Na kama pazia lina mikunjo, hakuna kitelezi kitakachokusaidia: mwambie mtu alinyooshe, au alipige pasi.

Dirisha dogo ni rahisi zaidi. Chagua "DVE", weka kamera, halafu andika ukubwa kwa namba, mfano 0.25 kwa robo ya upana wa skrini. Usiburute kwa kipanya. Namba utaiandika tena wiki ijayo ikatoka vile vile, mkono hautarudia.

Bango la jina linakaa kwenye "Downstream Key", ambayo ni ngazi ya juu kabisa, juu ya kila kitu. Litengeneze kama picha ya PNG ya pikseli 1920 kwa 1080 isiyo na mandhari (transparent), ulivute kwenye ukurasa wa "Media", ambao una nafasi 20 za picha. Chanzo chake kiwe "Media Player 1", na ufunguo wake "Media Player 1 Key". Kingo za maandishi zikitokea na utando mweusi, bofya "Pre Multiplied Key" uone tofauti. Mabango yote yapandishe mapema. Picha kamili kupita mtandaoni si sawa na amri, inachukua muda, na wakati huo mama wa bibi harusi keshaanza kuongea.

Ukimaliza, hifadhi mara mbili: "Save Startup State" ili swicha iwake na hali hiyo hiyo, na "Save As" ili upate faili la XML pamoja na folda ya picha zako. Faili hilo liweke na kwenye flashi.

Makro: hapa ndipo mbali panakuwa karibu

Ukiwa mita 40 mbali, kuchelewa kwa amri huhisi chochote. Ukiwa mji mwingine, amri moja baada ya nyingine zitafika kwa mapengo yasiyolingana: dirisha linatokea, linasita, kamera inabadilika, bango linachelewa. Mtazamaji anaona kigugumizi. Kinachoponya ni makro, yaani mfuatano wa amri uliohifadhiwa ndani ya swicha yenyewe, ambayo ina nafasi 100. Wewe unatuma amri moja tu, "cheza namba 3", na swicha inapiga hatua zote kwa saa yake yenyewe.

Fungua dirisha la "Macros", chagua nafasi tupu, ipe jina, anza kurekodi, fanya vitendo vyako kwa utulivu, kisha simamisha. Programu hairekodi muda uliopita kati ya kitendo na kitendo, inarekodi vitendo tu. Ukitaka swicha ingoje, ongeza kituo kwa "Add Pause". Wengi husahau, makro inapiga vitendo vitano kwa mpigo mmoja, na wao wanadhani imeharibika.

Mimi hupenda kuziandika makro moja kwa moja kwenye lile faili la XML, kwa sababu ni maandishi ya kawaida. Hii inaleta dirisha dogo, inaliacha kwa sekunde tano, halafu inaliondoa:

<Macro index="2" name="Dirisha" description="">
<Op id="KeyOnAir" mixEffectBlockIndex="0" keyIndex="0" onAir="True"/>
<Op id="MacroSleep" frames="125"/>
<Op id="KeyOnAir" mixEffectBlockIndex="0" keyIndex="0" onAir="False"/>
</Macro>

Tazama hiyo 125. Muda unahesabiwa kwa fremu, na 125 ni sekunde tano kwenye 1080p25. Kwenye 1080p50 ni sekunde mbili na nusu. Ndiyo sababu niling'ang'ania kiwango cha picha pale juu. Hesabu ya ndani ya faili inaanza sifuri pia, kwa hiyo index="2" ni nafasi ya tatu unayoiona kwenye skrini.

Makro ya namna hii kwa wapishi, kama ningekuwa nayo usiku ule, ingewarudisha maharusi yenyewe baada ya sekunde tano, Wi-Fi iwepo isiwepo. Tangu hapo nina sheria: doido lolote lisilofaa kubaki hewani naliita kwa makro inayojizima.

Vitufe kwa simu au tableti

Programu rasmi ina mambo mengi, na msaidizi asiyeizoea atabofya asipotumwa. Weka Bitfocus Companion, programu ya bure ya kutengenezea vitufe, kwenye kompyuta au Raspberry Pi iliyopo kwenye mtandao huo huo. Fungua kivinjari kwenye anwani ya mashine hiyo, mlango (port) 8000, uongeze muunganisho wa ATEM kwa anwani 192.168.77.240. Buruta vitufe vilivyo tayari: kamera nne, makro zako, bango. Kisha mpe msaidizi tableti afungue http://192.168.77.10:8000/tablet (hapo 10 ni mashine yangu ya Companion). Anaona vitufe vikubwa tu, na kile cha kamera iliyopo hewani kinakuwa chekundu.

Swicha inakubali waendeshaji kadhaa kwa pamoja, na haina mkubwa wala mdogo: anayebonyeza mwisho ndiye anayesikilizwa. Gawaneni kazi kabla. Mmoja kamera, mwingine mabango.

Kutoka mji mwingine

Swicha huongea kupitia UDP (namna moja ya kutuma data mtandaoni), mlango namba 9910, na haiulizi nywila. Yeyote anayeifikia anaiendesha. Kwa hiyo kamwe usifungue mlango huo kwenye ruta ili uiingie kutoka nje. Ni sawa na kuacha rimoti barabarani. Na kwa laini nyingi za simu usingefanikiwa hata ukitaka, kwa kuwa kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje.

Tumia VPN, yaani njia ya faragha inayounganisha mitandao miwili kupitia intaneti. Tailscale inapenya kwenye laini za namna hiyo na haihitaji utaalamu mkubwa. Swicha haiwezi kuwekewa programu, kwa hiyo ile Raspberry Pi ndiyo itakayokuwa daraja. Isakinishie Tailscale, halafu andika kwenye dirisha lake la amri:

echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.77.0/24

Kisha ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa akaunti yako ya Tailscale, uikubali njia hiyo ya 192.168.77.0/24. Hatua hii haijitokezi yenyewe, na ukiisahau kila kitu kitaonekana kimeunganishwa lakini ping haitajibu. Kompyuta yako ya mbali ikiwa ya Linux, iwashe kwa kuongeza --accept-routes.

Sasa piga ping 192.168.77.240 kutoka nyumbani. Ikijibu, fungua ATEM Software Control uandike anwani kwa mkono, kwani ule ugunduzi wa moja kwa moja hauvuki VPN. Ukiona programu inaunganika na kukatika kila dakika, laini haibebi. Acha programu kubwa, fungua ukurasa wa Companion pekee. Hapo kinachosafiri mbali ni ukurasa wa vitufe, na mazungumzo na swicha yanabaki kwenye waya wa mita mbili kule kule ukumbini.

Njia nyingine ni kuiendesha leptopu ya ukumbini kwa AnyDesk au RustDesk. Naiweka kama akiba. Skrini nzima inasafiri kama video, kipanya kinaburuta miguu, na kubofya kitelezi kidogo kwa hali hiyo ni kuomba balaa.

Utaona nini?

Kuendesha bila kuona haiwezekani, na kutazama matangazo ya YouTube ili ujue umefanya nini ni kosa. Yako nyuma kwa sekunde nyingi. Kama una Mini Pro, tundu la HDMI la kutolea linaweza kuonyesha kamera zote kwenye skrini moja iliyogawanywa. Lichomeke kwenye kifaa cha USB cha kunasa picha, uingize kwenye leptopu ya ukumbini, na uirushe kwako kwa VDO.Ninja, huduma ya kutuma video, kupitia kivinjari. Kwa laini nzuri kuchelewa kwake kwa kawaida ni chini ya sekunde moja.

Hii ndiyo itakayokula bando, si amri. Picha ya megabiti 1.5 kwa sekunde kwa saa tatu ni takribani gigabaiti 2. Ipunguze ubora, wewe unataka kujua nani yuko kwenye fremu, si rangi ya kitenge chake. Na kama ukumbi unarusha matangazo kwa laini hiyo hiyo, leta laini ya pili kwa ajili yako.

Kabla ya kukubali kazi ya mbali, fanya zoezi moja la makusudi: shughuli ya majaribio ikiendelea, mwambie mtu wa ukumbini achomoe intaneti bila kukuonya. Hesabu ni muda gani inamchukua kushika vitufe. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilizorota kwa namna ambayo ruta nzuri isingeokoa. Aliyekuwa na mtu mbele ya kisanduku, na makro zake zikiwa humo ndani, aliweza kumaliza shughuli.

Shughuli ikiisha, rudisha swicha kwenye kamera ya jumla, zima ngazi zote za madoido, hifadhi XML mpya kwa jina lenye tarehe, kisha andika sudo tailscale down kwenye ile Pi kabla ya kuagiza vifungashwe. Waya wa Cat6 ukunjwe kwa duara pana. Ukikunjwa kwa kiwiko kama kamba ya mbuzi, harusi ijayo utaanza na ping isiyojibu.